Makopo Matano ya Utepe wa Zambarau

Ngarenaro, nyuma ya gereji,
Arusha.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Theresia,

Shikamoo shangazi yangu. Habari za Newala, na za siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Anneth na watoto wote, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa masika limepoa. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya Juni imeshuka na mlima hatujauona wiki nzima. Asubuhi nikifua, vidole vinakufa ganzi mpaka naviweka kwapani kama kuku. Yeyo anakusalimu sana. Anasema wifi gani wewe, umemtupa mama yangu, lakini anasema huku akicheka, kwa hiyo usijali.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Shangazi, ukuta wa vyumba vyetu ni mwembamba na haya ninayotaka kukueleza sitaki yasikike upande wa pili. Halafu nikiongea nalia. Nikiandika naweza kuweka kalamu chini, nikajifuta, nikaendelea.

Nianze na mazuri, maana yapo, tena mengi. Ndani ya bahasha hii kuna picha ya harusi yetu ya Januari, ile uliyoikosa baada ya mvua kukata barabara ya kusini. Nilikuwa na picha ishirini za kuchagua. Nimekuchagulia hii kwa sababu moja tu: iangalie vizuri. Nimecheka, shangazi! Mdomo wazi kabisa, na meno yangu yote ya kahawia yako nje mbele ya mpiga picha na mchungaji.

Wewe ndiye uliyenifundisha kucheka nyuma ya ukingo wa khanga, nikiwa mdogo, kabla hujaolewa huko mbali. Nilikuwa hodari kuliko wewe. Sekondari wenzangu kutoka sehemu nyingine waliniita Chai ya Rangi, nami nikamaliza kidato cha nne chote nikiwa na mkono mdomoni. Hata maswali nilijibu hivyo. Mwalimu wa Kiingereza alidhani nina jino linauma.

Sasa mtu aliyeushusha mkono ule ni Abdiel. Ilikuwa mara ya tatu tu tunakutana, tumekaa tunakula chipsi karibu na stendi, akanichekesha, mkono ukapanda wenyewe. Akaushika, akaushusha polepole mpaka juu ya meza, akasema, "Silantoi, unanificha nini? Mimi nimetoka kazini nimechoka, nimekuja kukiona hicho kicheko." Yeye ni mtu wa Machame, amekulia maji matamu, ana meno meupe kama maziwa ya asubuhi. Na meno hayo yakanichekea mimi.

Ukituona tunavyoishi, shangazi, ungefurahi. Vyumba viwili tu, lakini vina jua la asubuhi. Yeye ndiye anayechemsha chai, mimi nikiwa bado nimejifunika. Jumapili anamenya ndizi za mtori huku anafanya mazoezi ya sauti ya kwaya, sauti ya nne, mpaka vifuniko vya sufuria vinatetemeka. Mbele ya wageni ananiita Mama Mwenye Nyumba. Nikitoka kisimani nyuma ya nyumba anatoka kunipokea ndoo hata kama majirani wanatazama, na wanaume wa gereji wanamzomea, "Shemeji, uliajiriwa au ulioa?" Anawajibu, "Vyote viwili!" Nampenda, shangazi. Naliandika hili mapema ili ukifika mbele usije ukasahau, maana mimi mwenyewe wiki hii nimelisahau mara mbili tatu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Unajua anafanya kazi katika idara ya serikali ya utafiti. Kila baada ya miaka mitano idara yao inapanga mambo ya kuchunguza: ni yapi wataalamu watayashughulikia kwanza, yapi baadaye, yapi yasubiri. Zamani walikuwa wanajifungia ofisini wanapanga. Mwaka huu walielekezwa wawaulize wananchi kwanza. Abdiel akapewa vijiji vya upande wetu, magharibi ya mlima, na kijiji chetu kikiwemo. Alirudi nyumbani siku ile kama mtu aliyepandishwa cheo. Aliniambia, "Mke wangu, safari hii watu wenu ndio watakaotupangia." Mimi nikaamini kuliko ninavyoamini mahubiri.

Aliogopa kitu kimoja, kwamba akina mama hawatafungua mdomo mbele ya Mchaga aliyeshuka kwenye gari la serikali. Na ni kweli, unatujua. Akaniomba nimsaidie. Shangazi, aliponiomba nilijiona nimekuwa mtu. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne, naisaidia idara!

Wazo la makopo ni langu. Nilichukua makopo matano ya maziwa ya unga, nikayaosha, nikachora picha juu ya kila moja ili hata asiyejua kusoma achague. Jino, kwa ajili ya maji yetu. Ng'ombe, kwa magonjwa ya mifugo. Hindi, kwa mbegu. Mti, kwa msitu wa mlimani. Na ua, kwa kilimo cha kumwagilia maua na mboga za kupeleka nje, kwa sababu Abdiel alisema na hilo liwemo. Kila mama angepewa punje kumi za maharage azigawe atakavyo. Abdiel alinikumbatia jikoni akasema hata wakubwa zake hawajawahi kuwaza hivyo.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba Jumamosi mbili. Koko Nasieku, yule bibi wa pale kwenye mti wa mfudu, alinikalisha kwenye kigoda, akaniuliza:

"Serikali inataka maoni yangu? Imekosa watu?"

"Wanataka ya akina mama wote, koko."

"Nimetoa maoni tangu matiti yangu yamesimama. Sijaona aliyeyaokota."

"Safari hii ni mume wangu, koko."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi nitakuja kwa ajili ya mumeo. Nataka nione huyo mwanamume mwenye miguu iliyonyooka."

Alikuja. Tulikuwa sitini na watatu pamoja nami, mwezi wa tatu, kwenye darasa la Sunday school pale kanisani, wengine wakiwa wamebeba watoto na majani ya ng'ombe. Abdiel akasalimia, akaeleza, akauliza nani aanze. Kila mmoja akamwangalia mwenzake. Akaniangalia. Nikaielewa ile sura yake: ananiomba. Nikasimama mbele ya mama zangu na shangazi zangu na wale wasichana niliosoma nao, nikafungua mdomo, nikasema, "Haya meno mnayajua. Na ninyi mnayo. Tuyaseme."

Ilikuwa kama kufungulia ng'ombe. Mama Simel, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alisimama akaeleza habari za mjukuu wake wa kike aliyeanza kutembea vizuri, na sasa ana miaka saba na miguu imepinda kama upinde, hawezi kubana magoti. Wengine wakaeleza migongo ya wazee isiyonyooka tena. Walijua kuwa ni madini yaliyomo kwenye maji, ile floraidi tunayoambiwa kliniki, na walikuwa wameshachoka kuambiwa. Walichotaka ni jibu. Mama Simel alisema vizuri kuliko mtaalamu: "Tuna visima vinne. Tuambieni kipi kina nafuu kwa mtoto, na tuchuje na nini humu humu majumbani. Hicho tu. Mkachunguze hicho." Abdiel aliandika kila neno. Nilimwona anaandika, shangazi, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Wakapiga kura za maharage. Koko Nasieku aliuliza kama wakimaliza kuhesabu maharage yatarudishwa, maana ni ya soya njano na ni mazuri. Tulicheka wote. Mwishoni nikayafunika makopo na kuyafunga kwa utepe wa zambarau uliobaki kwenye mapambo ya harusi yangu, mafundo mawili kila kopo, Mama Simel akishuhudia. Tukapitisha karatasi ya mahudhurio, wanaojua kuandika wakaweka sahihi, wazee wakaweka dole gumba. Jina la kwanza ni langu. Abdiel akapakia makopo kwenye gari, akasema yatahesabiwa ofisini.

Njiani kurudi mjini nilimwegemea begani, nikamwambia hakuna mwanamke Arusha nzima aliyeolewa kama mimi.

Mwisho wa mwezi wa tano alileta nyumbani rasimu ya kitabu chao, kimefungwa vizuri, kina picha za rangi. Nilikisoma nimekaa kitandani kama ninavyosoma Biblia. Jambo la kwanza la utafiti kwa miaka mitano: kilimo cha kumwagilia maua na mboga. La pili mbegu. La tatu ng'ombe, la nne msitu. Maji yetu yalikuwa ukurasa wa nyuma, mstari mmoja, kwamba "yatazingatiwa kadiri hali itakavyoruhusu". Nikamuuliza. Akasema akina mama wa vijiji vingine walipiga kura tofauti. Akasema ndiyo ushirikishwaji, kuna kushinda na kushindwa.

Niliumia, lakini nilikubali. Nikapanda kijijini nikawaeleza. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, shangazi. Nilisimama mbele yao na mdomo huu huu, nikawaambia, tumeshindwa kwa kura. Na unajua Koko Nasieku alisema nini? "Kama wenzetu walikuwa wengi, ni haki yao. Nasi mwaka mwingine tutapeleka watu zaidi." Mama Simel akasema tuanze kujipanga mapema. Hawakunung'unika hata mmoja. Walipokea kushindwa kama watu wazima.

Wiki iliyopita Abdiel akaniambia kutakuwa na mkutano mjini, Alhamisi, kwenye ukumbi wa hoteli, wa kukipitisha kile kitabu mbele ya wawakilishi wa vijiji na wakubwa. Nami nimeteuliwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya akina mama. Alikuwa ameshaniandikia. Lilianza hivi: "Sisi akina mama tunaishukuru idara kwa kutusikiliza na kuyafanyia kazi maoni yetu." Alikuwa amefurahi. Akasema nivae kile kitenge cha zawadi ya shangazi yake na viatu vyeupe.

Viatu vyeupe vilikuwa kwenye stoo yetu ndogo, kati ya zawadi za harusi ambazo hatujazifungua zote. Tulipewa chupa za chai kumi na moja, shangazi. Kumi na moja! Jumamosi ile asubuhi, yeye akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikaingia kutafuta viatu. Nikahamisha chupa za chai, nikahamisha seti ya sufuria, nyuma kabisa nikakuta boksi lililofunikwa koti lake la mvua.

Makopo yangu matano yalikuwa mle ndani. Utepe wa zambarau ulikuwa juu yake, na mafundo mawili kila kopo yalikuwa vile vile nilivyoyafunga kwa mikono yangu mwezi wa tatu. Hayakuwa yamefunguliwa. Nililitikisa lile lenye jino, likatoa vumbi kwenye ukingo wa kifuniko. Wadudu walikuwa wameyala maharage.

Nilikaa pale chini kwenye sakafu ya stoo. Jambo moja tu lilikuwa linazunguka kichwani: hatukushindwa. Hatukuhesabiwa.

Aliporudi aliniita kutoka mlangoni kwa yale majina yake ya mapenzi. Nilikuwa nimeyapanga makopo mezani, mstari mmoja, mahali anapokalia kula. Akasimama.

"Silantoi, nieleze kwanza."

"Nikueleze mimi?"

"Naomba nikueleze."

"Eleza."

Akavuta kiti, hakukaa. Akasema vile vipaumbele vilikuwa vimeshapangwa na wakubwa tangu mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, kabla hata hatujafunga ndoa. Kazi yake ilikuwa kufanya mikutano na kuleta karatasi za mahudhurio. Basi. Alidhani akiwasikiliza akina mama vizuri, akiandika vizuri, labda wakubwa watabadilisha. Aliporudi ofisini na makopo waliyaangalia wakacheka, wakamwambia achukue picha tu za kuweka kwenye kitabu. Akaona aibu kunirudishia.

"Kwa nini hukuyahesabu hata wewe mwenyewe?"

"Ningehesabu halafu nifanye nini na hiyo hesabu, mke wangu?"

"Ungejua."

Akakisogeza kiti, akakirudisha.

"Na ulivyoniambia vijiji vingine walipiga kura tofauti?"

"Nilitaka usiumie."

"Abdiel, ulinifungua mdomo mbele ya watu, ukijua."

"Sikujua kwamba utasimama. Haki ya Mungu sikujua."

"Uliniangalia!"

Akaanza kulia. Nimeolewa na mwanamume anayelia, jambo nililokuwa najivunia. Siku ile halikunisaidia kitu. Akasema ule mkutano ulikuwa ni utaratibu tu, kila idara inafanya hivyo, nisiuchukulie moyoni. Shangazi, ningesamehe mengine yote. Lakini Koko Nasieku alitembea saa nzima kwa fimbo yake kuja kwenye huo utaratibu. Kumbe nilikuwa nimeolewa na mtu mwenye meno meupe anayejua thamani ya meno yangu, akayatumia kukusanyia sahihi. Kwenye kiambatisho cha kile kitabu imeandikwa kwamba wanawake sitini na watatu "walishirikishwa na kuridhia". La kwanza ni jina langu, lile jipya, nililokuwa najifunza kuandika sahihi yake ili ipendeze.

Jumapili ya Pentekoste nilipanda kijijini na makopo yote ndani ya mfuko wa sandarusi. Nilimwambia Abdiel naenda wapi na naenda kufanya nini. Sikutaka nami nimfiche. Alikaa kitandani amevaa shati la kwaya, akasema, "Silantoi, hii kazi ndiyo inayotulisha." Nikamwambia najua, nikafunga mlango polepole.

Baada ya ibada niliwaomba akina mama wabaki. Niliwaeleza kila kitu, hata lile la kwamba niliwadanganya bila kujua. Nilitegemea wanitukane. Mama Simel akaangalia mafundo kwanza, akasema, "Ni yenyewe. Nilikuwepo." Akayafungua kwa meno. Wakamwaga maharage juu ya khanga tano nyasini, wakapiga magoti wakaanza kuhesabu, yaliyotobolewa na yasiyotobolewa. Koko Nasieku alisimamia kwa fimbo. "Lililoliwa nalo ni kura. Mdudu hakumla mwenye nalo." 

Jino: mia nne na kumi na mbili. Ng'ombe: mia moja ishirini na moja. Hindi: sabini. Mti: ishirini na nne. Ua: matatu.

"Nani kaweka matatu kwenye maua?" Mama Simel akauliza kwa sauti ya mkutano. Tena akauliza. Dada mmoja wa kwaya nyuma akanyoosha kidole, uso chini.

"Nililipenda lile ua. Silantoi alilichora vizuri."

Shangazi, tulicheka. Katikati ya haya yote tulicheka mpaka wengine wakakaa chini, na hakuna aliyefunika mdomo. Halafu Koko Nasieku akanishika mkono, akasema jambo ambalo ningependa usimwambie Yeyo. "Huyo mumeo ana miguu iliyonyooka. Hajajifunza kuisimamia. Wewe nenda Alhamisi. Hatutaki shukrani. Waambie hesabu."

Nilienda. Nilivaa kitenge na viatu vyeupe. Nilikaa na lile kopo la jino mapajani, nimelirudishia maharage yake na kulifunga tena utepe. Abdiel alikuwa amekaa meza ya mbele pamoja na wakubwa zake. Alijua. Asubuhi nilikuwa nimemwambia, naye akasema tu, "Fanya unavyoona." Alikuwa amepiga pasi shati lake mwenyewe.

Waliponiita sikufungua ile karatasi aliyoniandikia. Niliweka kopo juu ya meza yao, nikasoma hesabu zote tano, nikasema jinsi zilivyopatikana na lini. Nikasema kama hesabu hii haiwezi kuingia kwenye kitabu, basi majina yetu sitini na matatu yatoke, kwa sababu sisi hatukuridhia chochote, tulihudhuria. Nilisema kwa sauti, mkono chini.

Mkuu wao akatabasamu, akasema, "Tumepokea mchango wa mama yetu," akageuza ukurasa. Nilidhani yameisha. Ndipo mama mmoja asiyenijua, wa kijiji cha upande wa pili wa mlima huko Momela, akasimama nyuma bila kuomba nafasi. Ana meno kama yangu. Akauliza, "Na sisi tulipewa makaratasi ya kuchagua tukayatia kwenye ndoo. Ndoo yetu iko wapi?"

Mwingine akasimama. Na mwingine. Shangazi, walikuwa wanauliza ndoo zao, bahasha zao, masanduku yao. Ukumbi mzima ulikuwa unatafuta vitu vyake. Mkuu alipiga meza mara tatu. Kitabu hakikupitishwa. Wamesema wanaenda kutafuta hesabu zote za vijiji na watarudi baada ya wiki tatu. Sijui kama watarudi na ukweli au na kitabu kile kile chenye jalada jipya. Mimi siamini tena haraka haraka.

Tulirudi nyumbani tumeongozana, yeye mbele hatua mbili. Wanaume wa gereji walitaka kututania wakaona nyuso, wakainamia magari yao. Ndani aliniambia neno moja tu: "Umeniaibisha." Nikamwambia, "Ulinitumia." Basi. Jana chai alichemsha kama kawaida, akaiweka pembeni yangu, akatoka. Niliinywa ikiwa imepoa.

Unaweza kuniuliza kama nimejuta kuolewa. Hapana. Nimejuta kitu kimoja, kile nilichomwambia garini nikiwa nimemwegemea. Kilikuwa kweli kwa upande wangu, na yeye alikipokea akiwa amebeba boksi lile nyuma yetu, akijua vipaumbele vimeshapangwa. Angeweza kusema pale pale. Barabara ilikuwa ndefu.

Nakuandikia sasa asubuhi ya Jumamosi, nimekaa jikoni, sinia la mchele mapajani, na karatasi juu ya kigoda. Kupitia mlangoni namwona. Hajaenda kwaya. Amekaa kizingitini ambapo jua linaingia, amefungua kopo la jino, amemwaga maharage kwenye gazeti, anayahesabu. Punje moja moja. Anayatenga makumi makumi, na yale yaliyotobolewa anayashika kwa vidole viwili kama yatavunjika. Shingo yake imeinama, ile shingo niliyoipenda tangu siku ya kwanza, na ningetaka kwenda kuiwekea mkono. Siendi.

Ameshapoteza hesabu mara mbili. Sasa hivi, nikiandika mstari huu, amepoteza ya tatu, ameyachanganya yote, ameanza tena moja. Hakuniuliza, nami jibu ninalo. Ni mia nne na kumi na mbili. Ninachambua mchele wangu, namwacha afike mwenyewe.

Nisalimie sana Baba Anneth, mwambie shikamoo yangu. Nisalimie Anneth na wadogo zake, na mama yule jirani yako aliyenitumia korosho. Kaka Gidion anakusalimu kutoka Usa River, na Koko Nasieku anauliza maji ya huko Newala yana ladha gani. Picha iweke mahali watu wanaiona, na ukinitumia yako, shangazi, nakuomba usishike khanga.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akuponye goti, na akupe watu wanaokuhesabu.

Ni mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda kwa moyo wote,

Silantoi